Lupango mmoja, milango kumi na sita: kisa cha makao ya pamoja Lubumbashi

Mahali na watu

Kisa hiki ni cha malupango mawili yaliyopakana katika mojawapo ya komini (manispaa ndogo za mji) za zamani za Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo-Kinshasa. Majina ya watu, barabara na mashirika yameondolewa. Vipimo na mfuatano wa kazi vimeachwa, maana mafunzo yamo humo.

Asiyekulia Katanga aelewe kwanza neno lenyewe. Lupango ni zaidi ya kiwanja: ni ua, nyumba kuu, anekisi (nyumba ndogo) za nyuma, kisima, mwembe, na watu wote wanaoingia kwa lango moja la barabarani. Komini hizi zilikatwa viwanja mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Leo kiwanja kilekile kinabeba watoto, wajukuu na wapangaji, na kila mwaka ukuta mmoja unaongezwa mahali palipokuwa pa kuanikia nguo.

Malupango haya mawili yakiunganishwa yana mita 28 kwa 36. Mwenyewe alifariki. Watoto wanne walibaki ndani na jamaa zao, wengine wakaenda kuishi kwingine, na anekisi zikapangishwa. Kazi ilipoanza palikuwa na kaya 11, watu 63, vyoo viwili vya shimo na kisima kimoja. Shabaha ilikuwa kujenga nyumba 16 papo hapo bila kumfukuza hata mpangaji mmoja.

Kabla ya tofali la kwanza, miezi saba iliishia kwenye karatasi. Lupango mmoja ulikuwa na cheti cha usajili, mwingine ulikuwa na kijitabu cha logeri (karatasi ya zamani ya mkaaji wa kiwanja) tu, na kijitabu hicho hakina nguvu ya cheti. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Serikali, raia hupewa haki ya kuutumia. Na kwa Kanuni ya Familia watoto wote, walioko na walio mbali, ni warithi wa tabaka la kwanza, nao hugawana robo tatu za urithi. Kwa hiyo saini za waliohama zilihitajika pia. Miezi hiyo saba iliwakera wengi, lakini ndiyo iliyouokoa mradi: mrithi aliyekuja baadaye kudai sehemu yake alionyeshwa saini yake mwenyewe.

Michoro miwili iliyokataliwa

Mchoro wa kwanza ulikuja na vyumba vya mviringo, paa lililochongoka kama la nyasi, na nakshi za pembetatu ukutani. Waliouchora walitaka nyumba yenye sura ya kwetu. Wakazi waliutazama kwa adabu wakaukataa, na sababu zao zilikuwa za vitendo. Duara ndani ya mraba wa upana uleule hupoteza karibu asilimia 21 ya eneo, na kwenye lupango wa watu 63 hiyo ni sehemu ya kulala ya mtu. Kabati haliegemei ukuta uliopinda. Tofali la mashine limenyooka. Mama mmoja mzee alimalizia: kijijini nyumba ilifuata miti na nyasi zilizokuwepo, na heshima yake ilitokana na upande ilikotazama.

Mchoro wa pili ulikuwa wa safu mbili ndefu, milango yote ikitazama ukuta wa jirani. Wazee walisema neno moja: kampi. Walikumbuka kampi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, nyumba zimepangwa kama meno, watu hawaonani. Hapo ndipo safu ziligeuzwa zikatazamana, kila moja ya ghorofa mbili, nyumba nne chini na nne juu, katikati ua wa mita 16, na mbele ya kila mlango barza (kibaraza) pana.

Safu ziliwekwa mashariki kwa magharibi. Lubumbashi iko kusini mwa Ikweta, kama nyuzi 11 na nusu, kwa hiyo mwezi wa sita jua la adhuhuri liko kaskazini. Ukuta wa mashariki na wa magharibi, unaochomwa asubuhi na jioni, ukawa mfupi.

Kupima kwa chokaa na kwa miguu

Badala ya mchoro wa tatu wa karatasi, timu ilichukua mifuko miwili ya chokaa, ikachora lupango mzima kwa ukubwa wake halisi kwenye uwanja wa shule, Jumamosi moja saa kumi alasiri. Wakazi walileta viti, mabeseni na mbabula (majiko ya makaa), wakakaa ndani ya mistari kana kwamba wamehamia. Ni kazi ya saa mbili, na haikuwa na mbadala.

Vyoo vilikuwa vimechorwa pembeni, milango ikitazama lango kuu. Mama mmoja alitoka kwenye mstari wa choo akiwa na kopo la maji mkononi, na wakati huohuo kijana aliyeombwa kucheza mkwe akaingia langoni. Wakatazamana umbali wa mita sita. Kwa Waluba, Wabemba na jamaa nyingine nyingi za hapa, mkwe na mama mkwe hustahiana sana. Kukutana hivyo ni aibu ya pande zote mbili. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Milango ya vyoo iligeuziwa ukuta wa nyuma, na mbele ukawekwa ukuta wa kukinga wa mita 1.8.

Siku hiyohiyo barza ilipimwa kwa viti. Ikiwa ya mita 1.2, aliyebeba beseni kichwani lazima amwinue aliyekaa. Ikiwa ya mita 2, viti vinakaa na njia inabaki. Wazazi wakadai pia chumba cha vijana wakubwa chenye mlango wake wa kutokea barzani, kwa kuwa mtoto wa kiume aliyebalehe halali mlango mmoja na wazazi wake. Na bustani ya mboga iliyochorwa katikati ya ua ilisogezwa ukutani. Katikati ni pa kilio: msiba ukitokea, watu mia na zaidi hukaa usiku kucha. Badala ya bustani, kwenye mkanda wa zege wa ghorofa ya kwanza zilitegwa kulabu za nondo ya milimita 12, kila baada ya mita 3, za kufungia turubai kutoka safu moja hadi nyingine.

Udongo wa kichuguu

Tofali la kuchoma lilikuwa la kwanza kufikiriwa, kwani ndilo mafundi wanalolijua. Lilikataliwa kwa sababu ya kuni: msitu wa miombo unaozunguka mji tayari unakatwa kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia), na tanuri huongeza. Likachaguliwa tofali la udongo linalokandamizwa kwa mashine ya mkono, sentimita 29 kwa 14 kwa 9.5, lenye saruji kidogo. Malighafi ipo, maana vichuguu vikubwa vya mchwa ni alama ya nchi hii, na udongo wake una mfinyanzi mwingi.

Sharti moja lilizingatiwa kuhusu mahali pa kuchimba. Upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi umebeba moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kuelekea upande wa pili. Udongo wa juu wa mitaa iliyoko huko una madini mazito, haufai kuwa ukuta wa chumba cha mtoto. Ulichukuliwa nje ya mji, upande upepo unakotoka, baada ya kuondoa sentimita 40 za juu.

Kundi la kwanza, matofali 5,200, lilipasuka. Makosa yalikuwa matatu na yalifanyika pamoja. Udongo wa kichuguu ulitumika peke yake. Kwenye sanduku la majaribio la sentimita 60 ulinywea milimita 38. Pili, kipimo: ndoo ya udongo ilijazwa ikawa na kilima juu, ya saruji ikasawazishwa kwa ubao, kwa hiyo asilimia 6 ya kwenye karatasi ikawa kama 4. Tatu, vijana walilowanisha rundo la asubuhi nzima kwa mara moja, nalo saa nne tofali lilikuwa linatengenezwa kwa saruji iliyokwisha kuanza kushika.

Marekebisho yalikuwa rahisi. Sehemu moja ya kichuguu kwa sehemu moja ya udongo wa mchanga. Kunywea kukashuka hadi milimita 14. Ndoo zikaachwa, likatengenezwa sanduku la mbao la sentimita 30 kila upande, na kila kipimo kikasawazishwa. Mchanganyiko uliolowanishwa ukatumika wote ndani ya nusu saa. Unyevu ulipimwa kwa mkono: finyanga donge, liachie kutoka kifuani lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza maji. Likibonyea kama bukari (ugali), maji yamezidi. Likivunjika vipande vinne au vitano, bonyeza mashine. Matofali yakafunikwa kwa plastiki kivulini siku saba, yakinyweshwa asubuhi na jioni, kisha hayakuguswa hadi siku ya 28.

Kwa asilimia 6, mfuko wa kilo 50 ulitoa matofali kama 115. Kazi nzima ilihitaji karibu 48,000: kuta za chini zina unene wa sentimita 29, za juu 14. Mashine mbili, kila moja na watu saba, zilitoa wastani wa 450 kila moja kwa siku. Yaliyopasuka yalitumika kwenye kuta za kugawa vyumba, ambazo hazibebi kitu, chini ya lipu.

Kujenga watu wakiwa ndani

Uamuzi mzito kuliko yote ulikuwa huu: hakuna atakayehama. Mpangaji akiondolewa "kwa muda", mara nyingi haoni tena mlango wake. Kwa hiyo wa upande wa kaskazini walibanwa upande wa kusini, safu ya kaskazini ikajengwa, watu wakahamia humo, ndipo nyumba za zamani za kusini zikabomolewa. Mikataba iliandikwa kabla: kodi haipandi kwa miaka mitatu, na garanti (amana ya mpangaji) isizidi kodi ya miezi mitatu, kama sheria ya 2015 ya upangaji inavyotaka kwa nyumba za kuishi.

Gharama yake ilikuwa wakati. Ujenzi wa udongo hutaka kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Safu ya kaskazini iliezekwa mwezi wa nane. Ya kusini ilianza mwaka uliofuata lakini ikachelewa, na mvua za kwanza za mwezi wa kumi zilikuta vichwa vya kuta viko wazi. Matofali ya mistari miwili ya juu yalilainika, ikabidi yatolewe.

Kuchelewa kulileta kosa jingine. Ili kufidia siku, msingi wa mawe wa safu ya kusini uliinuliwa sentimita 20 tu juu ya ardhi, badala ya 45 za mchoro.

Mwaka wa kwanza ndani ya nyumba

Mvua ya kwanza kubwa ilionyesha hilo papo hapo. Maji yaliyodondoka kutoka kwenye mabati yaligonga ardhi, yakaruka, yakalamba mistari mitatu ya chini ya ukuta wa kusini. Safu ya kaskazini, yenye tofali lilelile na fundi yuleyule, haikuguswa. Ilibidi kuweka mifereji ya bati, kupaka lipu ya saruji nusu mita kwenda juu, na kuchimba mtaro wa changarawe wa sentimita 40 kuzunguka. Fedha zilizookolewa kwenye mawe hazikufika hata nusu ya matengenezo hayo.

Jiko la pamoja ndilo lililoshindwa waziwazi. Lilijengwa uani, lenye mafiga manane ya kisasa na dohani, kwa sababu waliofadhili walilipenda na kwa kuwa lilipunguza makala. Katika miezi mitatu kaya 12 kati ya 16 zilikuwa zimerudi kupika na mbabula barzani. Mama wa nyumba hataki sufuria yake ionwe: siku ya nyama iko, na siku ya matembele matupu iko pia. Walioko juu walipika kwenye ujia wao wa ghorofani, moshi ukaingia vyumbani. Usiku wa baridi wa mwezi wa saba wengine waliingiza mbabula ndani na kufunga dirisha, jambo ambalo huua bila harufu. Nusu ya jiko ilibomolewa. Kila nyumba ikajengewa jiko lake dogo la mita 1.2 kwa 0.9 mwishoni mwa barza, lenye ukuta wa kukinga macho hadi kifuani na dohani ya bomba. Na juu ya kila dirisha la chumba cha kulala likaachwa tundu la wavu lisilofungika.

Barza za chini zilifanikiwa kupita matarajio, ila kwa namna isiyopangwa. Safu ya kusini inatazama kaskazini, hivyo asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa umeshuka chini ya nyuzi 10, jua linaingia barzani hadi karibu na ukuta. Watu wa safu zote mbili hukaa huko. Barza za kaskazini ni za mwezi wa kumi, joto linapokaba kabla ya mvua. Ghorofani, ambako upana ulipunguzwa hadi mita 1.4 ili kuokoa zege, hakuna anayekaa. Ni njia ya kupitia tu.

Maji yalihesabiwa vizuri upande mmoja. Mapaa yote yana kama mita za mraba 500. Mvua ya milimita 10 huleta lita 4,000 hivi baada ya upotevu. Matangi manne ya lita 5,000 yanatosha siku kumi na moja kwa watu 90 wenye lita 20 kila mmoja, nayo hayavuki kiangazi. Kisima kilitakiwa kuziba pengo. Fosi (shimo la maji machafu ya vyoo) iliwekwa mita 26 kutoka kisimani, pembe ya chini ya kiwanja, kazi nzuri kabisa. Kisha maji yakapimwa yakakutwa na vijidudu vya kinyesi: choo cha shimo cha jirani kilikuwa mita 8 kutoka kisimani, nyuma ya ukuta. Kisima kikawa cha kufulia na kusafishia. Ya kunywa hutoka bombani au tangini, na hutiwa dawa.

Vyumba vya vijana vilifanya kazi yake, na vitatu kati yake vikapangishwa kimya kimya. Nyumba 16 sasa zina kaya 19.

Uchambuzi

Mambo yaliyofaulu yana asili moja: yalipimwa na miili ya watu kabla ya zege kumwagwa. Milango ya vyoo, upana wa barza, mlango wa kijana, ua wa kilio. Utamaduni wa nyumba za mjini uko katika nani anamwona nani, nani anapita wapi, na nani hapaswi kukutana na nani. Mchoro wa ukuta unaweza kuja baadaye, na humu wakazi walijipakia rangi wenyewe bila kuulizwa. Jiko la pamoja lilikuwepo pia siku ile ya chokaa. Akina mama walilizunguka, hakuna aliyeweka mbabula yake humo. Hilo lilikuwa jibu, lakini liliandikwa kwenye daftari kama "halijajaribiwa".

Upande wa ufundi, tofali halikuwa tatizo. Udongo wa kichuguu ukichanganywa sawasawa hubeba ghorofa mbili bila shida. Kilichohitaji ulinzi ni sehemu mbili za ukuta: kichwa kisinyeshewe na mguu usirukiwe na maji. Mradi wowote wa namna hii Lubumbashi ukibanwa na fedha, upunguze nakshi, upunguze hata nyumba moja, usipunguze msingi wala mabati yanayotokeza. Ratiba nayo ihesabiwe kurudi nyuma kutoka mwezi wa tisa: ukuta usio na paa tarehe hiyo ufunikwe turubai, kazi isimame.

Kuhusu kisima, mpaka wa lupango ni wa karatasi; maji ya chini hayaujui. Kabla ya kuchagua pa kuchimba, mtu apande ukuta aangalie vyoo vya majirani wa pande zote. Nusu saa ya kazi hiyo ingeokoa miezi ya kujidanganya.

Kaya 19 si lazima zihesabiwe kuwa hasara. Chumba chenye mlango wake ni kipato cha mjane kama kilivyo faragha ya kijana. Ila fosi ilipimwa kwa watu 90, na sasa hunyonywa mapema zaidi. Mchango wa matengenezo ulirekebishwa uhesabiwe kwa vichwa, na nyumba nane za kila safu zikapewa ngazi na mifereji yake ya kutunza, kwa kuwa cha wote kilikuwa kimekosa mwenyewe.

Limebaki la ngazi. Ngazi zote mbili zilichorwa na upana wa sentimita 90 na kona katikati, kwa kubana nafasi. Mwezi wa tano baada ya kuhamia, baba mmoja wa ghorofani alifariki. Kulabu za turubai zilifanya kazi siku hiyo kama ilivyokusudiwa, ua mzima ukafunikwa kwa robo saa. Lakini familia ilitaka alale nyumbani kwake kabla ya kuzikwa, na jeneza halikuweza kugeuka kwenye kona. Wabebaji walijaribu kuliinamisha. Mjane akawaomba waache. Akalazwa barzani kwa jirani wa chini, ambaye aliondoa vitu vyake vyote na kumpisha.

Hakuna aliyeliona hilo kwenye chokaa, kwa sababu chokaa haina ghorofa. Ngazi ya kaskazini imebomolewa, ikajengwa ya nje iliyonyooka, upana wa mita 1.3. Kabla ya kumwaga zege, mafundi waliazima jeneza tupu kwa seremala wa barabara hiyo, wakalipandisha na kulishusha mara mbili kwenye fremu ya mbao.